Bibi Daktari na Damu ya Kina Mama

Maneno ya kwanza niliyomsikia akimwambia mgonjwa yalikuwa "Toa nguo." Alikusudia "vua", lakini kwao bara nguo hutolewa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bi Mejumaa, mama wa makamo aliyekuja na maumivu ya tumbo. Alimtazama daktari, akanitazama mimi, kisha akafungua kikapu chake, akatoa leso mpya aliyomnunulia bintiye, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimetoa, mwanangu," akasema. "Ingawa sikuambiwa mapema kwamba kliniki hii watu hutoa."

Daktari akaipokea leso, akashukuru, akaiweka mezani, akasubiri. Bi Mejumaa naye akasubiri. Mimi nilikuwa nimeugeukia ukuta nikijifanya natafuta glavu.

Nilipomfafanulia kilichotokea, alicheka mpaka akakaa chini. Alitaka kuirudisha leso, lakini Bi Mejumaa akakataa katakata, amekwisha itoa. Basi akawa anajifunga nayo juu ya suruali, na ndivyo watu wa Msambweni walivyomzoea: suruali, leso, miwani, na mwendo wa mtu anayehofia kuachwa na feri.

Jina analo, lakini kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bibi Daktari. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuuliza. Alikuwa Mkristo wa bara aliyekuja na vitabu vingi na kitanda kimoja, na hayo yalitutosha. Mimi nilikuwa muuguzi, mzaliwa wa hapo hapo, na kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya, ilikuwa kutafsiri Kiswahili chake kwa Kiswahili. Akimwambia mtu "Leta mkono, haiumangi," mimi ndiye niliyeeleza kwamba haitauma na kwamba hakuna mkono unaokatwa. Akisahau kusalimu, mimi ndiye niliyesalimu kwa niaba yake, shikamoo na habari za nyumbani na za watoto na za mvua, naye amesimama pembeni na sindano akiwa kama mtu anayengojea treni.

Kliniki yetu ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko: vyumba viwili vya kupimia, kimoja cha friza, na baraza ambapo kina mama walikaa kungoja. Ilikuwa miaka ya tisini. Ukimwi ulikuwa haujatajwa kwa jina. Watu walisema "ugonjwa huu" na kushusha sauti, kana kwamba wenyewe ulikuwa chumba cha pili unasikiliza. Bibi Daktari alikuja kutibu kina mama, lakini zaidi alikuja kutafuta jambo moja: kwa nini ugonjwa huu ukiingia mwili wa mwanamke hauendi kama unavyokwenda katika mwili wa mwanamume.

Alilitafuta kwa sauti kubwa. Hilo ndilo lililonitesa mimi. Kwetu sisi viungo vya uzazi vina majina, lakini majina hayo hayatembei mchana. Tunasema "huko", tunasema "mwilini", tunasema "kwenyewe". Yeye aliyataja yote waziwazi barazani, mlango ukiwa wazi, na siku nyingine ustadhi wa madrasa akipita barabarani na wanafunzi wake. Nilikuwa nikimwona ustadhi, nakohoa.

"Una kikohozi?" Bibi Daktari ananiuliza.

"Hapana, Bibi."

"Basi usikohoe, watu wanasikiliza. Nilikuwa nimefika wapi? Uke."

Mie nakohoa tena.

Lakini kina mama walisikiliza kweli, na ndiyo sababu walirudi. Aliwaeleza kwamba ngozi ya ndani ya mwanamke ni pana na laini, na kwa msichana mdogo bado ni nyembamba, kwa hiyo virusi hupata mahali pengi pa kuingilia. Aliwaeleza kwamba humo ndani wanaishi vijidudu wema wanaofanya ulinzi, na kila anayejiosha huko kwa sabuni kali au dawa ya kukausha anawafukuza walinzi wake mwenyewe. Siku hiyo watu walitazamana barazani, kwa sababu aliyekuwa akiwauzia wengi dawa ya kukausha alikuwa Bi Mejumaa, naye alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Na mimi sikujua," akasema Bi Mejumaa. "Tangu leo nauza viazi."

Akauza viazi vya karai kweli, mlangoni mwa kliniki, na Bibi Daktari akawa mteja wake wa kwanza kila asubuhi, kwa sababu nyumbani kwake hakupika. Alikuwa anajua kila homoni ya mwanamke ilipotoka na ilipokwenda, lakini chai aliisahau jikoni mpaka sufuria ikaungua. Nilikwisha kuona sufuria zake tatu zimetupwa nyuma ya nyumba zikiwa nyeusi kama masizi.

Somo lake nililolipenda zaidi lilikuwa la mimba. "Mtoto ni nusu babake," alisema. "Kwa askari wa mwili wako, nusu hiyo ni mgeni. Ukipandikizwa figo ya mumeo, mwili utaitupa. Lakini mtoto wake unambeba miezi tisa na mwili haumtupi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wangu!" mama mmoja akajibu.

"Hilo moyo unajua. Damu inajuaje?"

"Mwenyezi Mungu ameiambia," akasema Bi Mejumaa.

"Sawa," akasema Bibi Daktari. "Mimi nataka kusikia alivyoiambia."

Kina mama walipenda jibu hilo. Akawaeleza juu ya kondo la nyuma, jinsi damu ya mama na ya mtoto zinavyopita jirani kwa jirani bila kuchanganyika, na jinsi askari wa mama wanavyofundishwa upole mahali hapo bila kulala usingizi. Watoto wengi wa mama wenye virusi huzaliwa salama hata pasipo dawa, akasema, na wengine hawazaliwi salama, na hakuna aliyejua vizuri ni kwa nini. Kama angejua mlango ule wa kondo unalindwaje, angejua pia virusi vinampitaje huyu na kukwama kwa yule.

Tulimcheka kwa mambo mengi, na kubwa lilikuwa kofia. Ilikuwa kofia ya ukindu pana kama ungo, na chini yake alivaa mikono mirefu na soksi, na siku za jua kali glavu za pamba, katika joto ambalo hata mbuzi wa Msambweni hulikimbia. Vijana wa baiskeli walisema anaogopa kuiva. Wengine walisema anajitunza kwa ajili ya Mzungu fulani wa Diani. Bi Mejumaa, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alimwuliza siku moja mbele ya watu: "Bibi Daktari, jua la Mwenyezi Mungu limekukosea nini?"

Alijibu bila kuficha. Alisema kinga ya mwili wake ilikuwa imewageukia wa nyumbani. Askari waliopaswa kupigana na maradhi walikuwa wanapiga viungo vyake, ngozi yake na figo zake, na jua likiwachochea. "Ugonjwa wangu huwapata wanawake zaidi sana kuliko wanaume," akasema. "Askari wetu sisi huamka haraka na ni wakali. Ukali huo hutusaidia kwa homa nyingi. Wangu wamepita kiasi." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma gazeti, "Mimba zangu pia, zote mbili, ni wao waliozitoa."

Kwa miaka kina mama walikuwa wakimwuliza ana watoto wangapi, naye akiwaambia wamwulize baada ya chai. Bi Mejumaa akamshika mkono juu ya ile glavu.

"Basi vaa kofia, mwanangu," akasema. "Vaa na mwavuli."

Tangu siku hiyo kijana aliyeicheka kofia ile karibu na soko alipata la kupata.

Msidhani kwa hayo kwamba alikuwa mwanamke wa chuma. Aliogopa sindano. Yeye, aliyetoa damu za nusu ya wanawake wa pwani ya kusini! Kwa sababu ya ugonjwa wake ilinibidi nimtoe damu mara kwa mara, na kila mara ilikuwa shughuli. Kwanza alinieleza mshipa ulipo, kana kwamba sijui. Kisha aligeuza uso akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa kanisani nusu ya sauti, akiwa nje ya tuni kabisa. Nilipomaliza alisema, "Tayari? Sikusikia kitu." Jasho limemlowesha shingo.

Mwili wake mwenyewe ulimfanya asiwe na subira na watu waliotaka kuusahau mwili wa mwanamke. Katika mwaka wa kwanza alikuja mkubwa mmoja kutoka ng'ambo, mwembamba, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni. Huyo ndiye aliyewawakilisha wafadhili wa utafiti. Alikaa ofisini akaeleza mpango mpya: wachunguzwe wanaume peke yao, walinzi wa hoteli za Diani na madereva. Wanawake wanasumbua hesabu, alisema. Homoni zinapanda, zinashuka, wanapata mimba katikati ya kazi. Yakishajulikana ya wanaume, wanawake wataongezwa baadaye.

"Nimeelewa," akasema Bibi Daktari. "Basi tuanze na wanawake, wanaume tuwaongeze baadaye."

Mgeni akacheka akidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Huo mwezi unaopanda na kushuka unauona kama uchafu ndani ya hesabu yako," akamwambia. "Mimi nasema ndiyo hesabu yenyewe. Nusu ya wagonjwa wana mwezi huo. Ukiupima mwili mmoja na kuushonea nguo, usishangae nguo ikimbana mwingine."

Walibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe mgeni alikubali wanawake waingie, mradi wasiwe na mimba wala wasipate. Bibi Daktari akasimama, akafungua dirisha linaloangalia barazani, akamwomba aangalie. Kati ya kina mama waliokaa pale, wengi walikuwa na matumbo, na wasiokuwa na tumbo walikuwa wamepakata watoto. "Nionyeshe unaowataka," akamwambia. Mgeni akaondoka na mpango wake, na sehemu kubwa ya msaada ikaondoka naye. Wafanyakazi wawili tuliokuwa nao wakaenda kutafuta kazi kwingine. Tulibaki mimi, yeye na friza.

Friza hiyo ilikuwa roho yake. Ndani yake kulikuwa na damu ya kina mama waliokubali, kuanzia Ukunda mpaka Kibuyuni, waliotolewa mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi, kabla ya mimba, ndani ya mimba na baada ya kujifungua. Wafadhili walikuwa hawaitaki tena. Yeye aliipangusa vumbi kila asubuhi na kuisalimu. Friza aliisalimu, wagonjwa niliwasalimia mimi.

Kisha ukaja mwaka wa vurugu, watu wa bara walipoanza kufukuzwa na nyumba kuchomwa kwingine. Siku ya kwanza habari zilipofika sokoni, Bi Mejumaa aliingia kliniki mbio, viazi ameviacha kwenye mafuta, mkononi ana buibui lake la pili. Tulimvika Bibi Daktari. Lilimfikia nusu ya miguu, suruali ikachungulia chini, tukamwongezea leso.

"Sasa sikiliza," Bi Mejumaa akamwambia. "Tunakwenda kwa nesi huyu. Njiani usifungue mdomo. Ukifungua tu, Kiswahili chako kitatuua sote."

Alitikisa kichwa kukubali. Tulipofika mlangoni akasimama. "Umeme umekatika," akasema. "Friza."

Nilimwambia aachane na friza. Bi Mejumaa alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hakuondoka. Alisema kina mama wale walitoa damu kwa kuamini itafika mahali, na mkubwa ameikataa, na sasa yeye naye aiache ioze? Alikuwa anatetemeka, niliona buibui linatikisika, lakini miguu haikusogea. Basi nikaenda mimi kwa wavuvi, nikanunua barafu yao yote, tukaijaza friza mpaka mfuniko ukakataa kufunga, na Bi Mejumaa akaukalia mpaka ukafunga. Ndipo Bibi Daktari alipokubali kutembea. Alitembea kati yetu kupitia soko zima akiwa na ule mwendo wake wa feri, mimi nikimvuta nyuma kwa kiwiko ili aende kama mtu. Mwanamume mmoja tuliyemjua alitusimamisha na kutusalimu. Bibi Daktari, katika maisha yake yote, siku hiyo ndiyo aliyokumbuka salamu. Nilimwona anavuta pumzi aitikie. Bi Mejumaa akaanza kulia kwa kelele kwamba amefiwa, mwanamume akatupa pole, tukapita.

Alikaa kwetu mpaka mambo yalipotulia. Mama yangu alimpenda, isipokuwa hakumruhusu kuingia jikoni.

Mkubwa mwenye kalamu alirudi baada ya muda mrefu. Huko nje, wataalamu walikuwa wameanza kuandika kwamba wanawake, katika mwanzo wa maambukizi, huonekana na virusi vichache katika damu kuliko wanaume, na bado huugua kwa kasi ile ile. Sasa kila mtu alitaka damu ya wanawake, na mkubwa huyo akakumbuka nani alikuwa nayo. Bibi Daktari hakumpeleka ofisini. Alimkalisha barazani kwenye foleni, kati ya mama aliyekuwa akinyonyesha na mtoto mwenye kuhara, na akamwita zamu yake ilipofika.

"Damu ipo," akamwambia, "lakini wenyewe hawakukubali isafirishwe ng'ambo. Nitawauliza kwanza."

Tulizunguka kuuliza, nyumba kwa nyumba, yeye na kofia yake, mimi na salamu zangu. Karibu wote walikubali. Aliyekataa alikuwa Bi Mejumaa.

"Damu yangu ifike Ulaya," akasema, "na mimi mwenyewe sijafika hata Tanga?"

Bibi Daktari hakumbembeleza. Aliitoa frizani chupa ndogo yenye damu yake, wakaichoma pamoja nyuma ya kliniki, wakasimama wanaangalia moshi kama watu waliokuja maziko. Mkubwa alishika kichwa. Mimi nadhani Bi Mejumaa alitaka tu kuona kama neno lake lingesikilizwa, kwa sababu wiki iliyofuata alileta mkono mwenyewe atolewe nyingine.

Nimeongea mengi ya kuchekesha, na mtu anaweza kudhani palikuwa pa kucheka siku zote. Hapakuwa. Wapo tuliowazika. Na yupo Mwanamisi, ambaye ningependa nimweleze vizuri.

Alikuwa mke wa mlinzi wa hoteli Diani, kijana, mcheshi, na walikuja pamoja kupimwa kwa sababu mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki mdogo bila kujulikana sababu. Wote wawili walikutwa na virusi. Majibu ya kiwango cha virusi yaliporudi, ya mume yalikuwa juu na ya Mwanamisi chini kabisa. Mume, maskini, hakujua aseme nini, akasema, "Kumbe mimi ninavyo vingi kumshinda!"

"Usijisifu," Bibi Daktari akamwambia, na wote watatu wakacheka, kicheko kile kibaya ambacho mtu hukitoa ili asifanye lingine. Kisha akamgeukia Mwanamisi. Kwa mwongozo uliokuwapo, uliotokana na utafiti wa wanaume, vipimo vyake vilisema hana haja ya kuhofia kwa sasa. "Usikiamini kipimo hicho," akamwambia. "Askari wako wamevipunguza virusi kwa kupigana mno, na kupigana huko kunakuchosha. Namba yako ndogo na namba yake kubwa zaweza kuwa ugonjwa ule ule. Utakuja kila mwezi kama yeye."

Alipokuja mwezi wa tatu alikuwa na mimba.

Sikuwahi kumwona Bibi Daktari akihangaika namna ile. Vidonge vya kumeza wiki za mwisho za mimba, vya kumkinga mtoto, ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kusikika, na Msambweni havikuwapo. Alivuka feri kwenda mjini kila wiki kumsumbua daktari mwenzake aliyekuwa navyo, mpaka yule mwenzake, nilisikia, akawa anajificha chooni. Alivipata. Mwanamisi alivimeza kwa siri, amevifunga katika ncha ya leso, kwa sababu mama mkwe hakuwa anajua lolote. Alizaa msichana. Alimnyonyesha miezi michache, akaacha, akamwambia mama mkwe kwamba maziwa yamekatika. Alinyweshwa supu za kila aina yarudi, naye akazinywa zote.

Jambo gumu lilikuwa kungoja. Mtoto alizaliwa amebeba kinga ya mama yake katika damu, na kipimo tulichokuwa nacho kingeiona kinga hiyo na kusema ana virusi, hata kama hana. Ilibidi kinga ya mama iishe yenyewe, mpaka mtoto afikishe mwaka na nusu. Katikati ya kungoja huko kliniki ikafungwa. Ugonjwa wa Bibi Daktari ulikuwa umefika figo, na hakuweza tena kusimama siku nzima. Alihamia Matuga, nyumba ndogo yenye shamba la mihogo, na mimi nikahamishiwa kwingine.

Nilimtembelea mara moja huko kabla karne haijaisha, na nilikwenda na Mwanamisi na mtoto. Tulimkuta kibarazani amekaa kivulini, amepungua, miguu imevimba. Mtoto alipomwona alipiga ukelele na kujificha nyuma ya mama yake.

"Ana akili," akasema Bibi Daktari. "Amejua nina sindano."

Tulikaa. Aliuliza habari za Bi Mejumaa, za mume wa Mwanamisi, ambaye alikuwa ameanza kukonda na kuacha kazi ya usiku, na za Mwanamisi mwenyewe, ambaye naye hakuwa na nguvu kama zamani. Aliuliza bei ya samaki. Aliuliza mambo ya mama yangu na ya paka wa mama yangu. Mtoto alitoka nyuma ya mama yake, akaanza kuchota mchanga na kuumwaga juu ya miguu ya Bibi Daktari, naye akamwacha. Aliuliza kila kitu chini ya jua.

Mwishowe Mwanamisi akasema, "Bibi, hujaniuliza majibu ya mtoto."

Bibi Daktari aliangalia mihogo yake.

"Naogopa," akasema.

"Hana," Mwanamisi akasema. "Nesi wetu huyu amempima mara mbili. Alhamdulillahi, hana."

Bibi Daktari akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, mtoto akiendelea na mchanga wake.

"Ni vile vidonge?" Mwanamisi akauliza. "Au ni nini? Yule wa kwanza mbona hakupona?"

"Vidonge vimesaidia," akasema. "Mengine umefanya wewe, mwili wako, hapo mlangoni, kwa namna ninayotaka kuijua tangu ujana wangu. Kwa nini huyu na si yule, sijui, mwanangu. Ningekuambia."

Mwanamisi akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu kubwa zaidi, lakini alilipokea hilo kama mtu anayepokea kilichopo.

Bibi Daktari akasema lazima tunywe chai. Nilitaka kuinuka mimi, akanikataza, akajiinua kwa taabu kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Tulisikia sufuria zinaanguka. Tukasikia kabati linafunguliwa na kufungwa, linafunguliwa na kufungwa. Nilikuwa nimekwisha simama nimfuate, alipotokea mlangoni ameshika sufuria tupu kwa mikono miwili, miwani imelowa, hajaifuta.

"Nesi," akaniambia, "nimeingia humu kufanya nini?"